Nimemzidi umri kaka yangu mkubwa

BARUA

Assalamu alaykum Maalim, na shikamoo.

Mimi ni mwanamme wa miaka 42, mkaazi wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Nimeoa, nina watoto watatu, nasomesha skuli ya msingi, na ukifika msimu nashughulika na mikarafuu tuliyoachiwa na baba yetu. Jambo ninalokuandikia si ugomvi wala deni, na kwa sababu hiyo nimeona haya kumweleza mtu yeyote, hata mke wangu, kwa kuhofia kuambiwa kwamba nimerogwa au nimekosa la kufanya.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, ambaye alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita na nusu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa baba. Alinishika mkono siku yangu ya kwanza ya skuli, akanifundisha kupanda mkarafuu bila ya kutazama chini, na nilipotaka kuoa yeye ndiye aliyekwenda kuniposea. Kila umri nilioufikia yeye alikuwa keshaufika, kwa hivyo nilikuwa nikimtazama na kujua mimi nitakuwaje. Alifariki kwa ajali. Tawi lilimkatikia akiwa juu ya mkarafuu, akaanguka, na hakufika hospitali. Alikuwa na miaka 41 na miezi saba. Mimi nilikuwa na miaka 35.

Miezi saba iliyopita, usiku mmoja, tulikuwa barazani tukichambua karafuu: mama, mke wangu, mke wa marehemu na binti yake, na watoto wadogo waliokuwa wanasinzia. Taa ilikuwa imewekwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Mama alikuwa akizitenga karafuu na makonyo yake kwa kiganja, na bila ya kuinua uso akasema, "Marehemu angekuwa keshatimia arubaini na nane." Hakuna aliyejibu. Mimi nikaingiwa na hesabu kichwani. Nikaenda chumbani, nikatoa cheti chake cha kuzaliwa na changu, nikachukua daftari la mwanafunzi mmoja na kuanza kuhesabu siku, mwezi kwa mwezi, mikono yangu bado inanuka karafuu. Nilipomaliza nikaona kwamba nilikuwa nimeshampita kwa siku nne.

Maalim, tangu usiku ule sijakaa sawa. Naona kama naishi katika miaka isiyokuwa yangu, kama mtu aliyebakia katika nyumba ya watu baada ya wenyewe kuondoka. Namuota. Hunijia vile vile alivyokuwa, ndevu nyeusi, shati lake la mistari lililokatika kifungo cha juu, na mimi nipo kama nilivyo leo, ndevu zimeanza mvi. Namwambia "Shikamoo kaka", naye hunitazama kama kijana anavyomtazama mzee asiyemjua aliyekosea kuamkia. Haitikii marhaba. Hapo huamka, na usingizi haurudi tena mpaka adhana ya alfajiri.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Binti yake ana miaka 20. Miezi mitano iliyopita ililetwa barua ya posa, na washenga wamerudi mara mbili kuuliza. Barua ipo katika shubaka la chumbani kwangu na sijaifungua. Babu yake mzaa baba ameshafariki, na ndugu yake wa kiume ana miaka 11. Mama ananiambia, "Jibu, wewe sasa ndiye mkubwa," na neno hilo linanichoma. Naona nikijibu posa ile nimekaa mahali pa kaka yangu, na nimekubali kwamba yeye sasa ni mdogo wangu.

Nakuuliza: mtu akifa, umri wake husimama? Baina yangu na yeye, nani mkubwa? Na nikimuota tena nimuamkie, au ninamkosea adabu?

Mdogo wake,
Wete, Pemba

JIBU

Wa alaykumu s-salaam ndugu yangu, na marhaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Usione haya kwa swali hili. Halitoki kwa mtu aliyerogwa wala asiyekuwa na kazi. Limewahangaisha watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na wewe umelifikia peke yako, kwa kalamu na daftari la mwanafunzi, kwa sababu ulimpenda mtu. Nitakujibu kwa urefu, kwani nadhani ndani ya uchungu wako mna huzuni ya kweli ambayo siwezi wala sitaki kuiondoa, na mna kosa la hesabu ambalo naweza kukuonyesha.

Nianze na lile daftari. Ulichokihesabu usiku ule ni nini? Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya karne tatu kabla ya Nabii Issa, alisema kwamba wakati ni hesabu ya mwendo kwa kutazama kilichotangulia na kilichofuatia. Pasipokuwa na mwendo hapana cha kuhesabu. Sisi watu wa visiwa hivi hatupati taabu kulielewa hilo, kwa sababu tumekulia katika hesabu tatu kwa pamoja: ya miladi, inayofuatwa na ofisi na skuli, ya hijria, tunayofungia saumu na kuhesabia eda, na ule mwaka wa Nairuzi wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao wazee wetu wakiufuata kwa bahari na kwa kilimo, na ambao watu wa Makunduchi kule Unguja wanaukaribisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Sasa mchukue kaka yako umpime kwa hijria. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hivyo miaka yake 41 na miezi saba ya miladi inakuwa karibu 43. Je, ameongezewa chochote? Hakuongezewa hata pumzi moja. Umri ni hesabu ya mwendo, na mwendo wake hapa duniani ulipokoma hesabu ikakoma. Kwa maana hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: umri wake umesimama, na wewe kweli umempita. Sitakudanganya ili upoe.

Lakini swali lako la pili ni jambo jengine kabisa, na hapa ndipo ulipojichanganya. Mwaka 1908 mwanafalsafa mmoja wa Cambridge, Uingereza, aitwaye John McTaggart, alichapisha makala akidai kwamba wakati haupo kwa hakika. Dai hilo mimi silikubali, na wengi hawalikubali, lakini katika kulijenga alitenganisha vitu viwili ambavyo tokea hapo hakuna aliyeandika juu ya wakati akaweza kuvipuuza. Alisema tuna njia mbili za kuyapanga mambo yanayotokea. Ya kwanza ni kusema hili limeshapita, hili lipo, hili linakuja; na mpango huu haukai mahali pamoja, kwani siku aliyozaliwa kaka yako iliwahi kuwa kesho ya mama yako, ikawa leo yake, na sasa ni zamani, na kila tukilala inazidi kwenda mbali. Ya pili ni kusema hili ni kabla ya lile. Mpango huu hausogei. Kuzaliwa kwa kaka yako kulikuwa kabla ya kuzaliwa kwako kwa miaka sita na nusu siku ile ulipozaliwa, kulikuwa hivyo siku alipoanguka, ni hivyo leo, na kutakuwa hivyo wakati mimi na wewe na watoto wetu hatupo tena juu ya ardhi hii.

Sasa tazama ukubwa wa kaka umetundikwa juu ya mpango upi. Wewe umeutundika juu ya hesabu ya miaka, ile inayosogea, kwa hivyo hesabu yako ilipoipita yake ukaona ukubwa umehama kutoka kwake kuja kwako. Lugha yetu haikuutundika hapo hata siku moja. Pacha aliyetangulia tunamwita Kurwa na wa pili Doto. Baina yao huenda ni dakika chache, lakini Kurwa akifa mchanga na Doto akaishi mpaka akaona vitukuu, Doto ni Doto na yule mchanga ndiye Kurwa. Kitinda mimba wa miaka 80 ni kitinda mimba. Na wewe, binti wa kaka yako anakuitaje? Kama hakuiti ami, basi anakuita baba mdogo, na atakuita hivyo hata utakapokuwa kikongwe wa kushikwa mkono. Hakuna mtu Pemba nzima ambaye, siku ile ulipompita marehemu kwa siku nne, alipaswa kuanza kukuita baba mkubwa. Neno hilo mdogo, ambalo umeligeuza kuwa jina lako chini ya barua, limekaa juu ya kutangulia, na katika kutangulia hakuna kupitwa.

Kwa hivyo kaka yako ndiye mkubwa. Hakuwa mkubwa kisha akaacha. Ndiye.

Nina jambo linalofanana na lako nitakalokuhadithia, kwa sababu limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Albert Einstein, mwanafizikia aliyebadilisha fikra za dunia juu ya wakati, alikuwa na rafiki aliyemzidi kwa karibu miaka sita, Michele Besso, waliyefahamiana tokea ujanani. Besso alifariki mwezi wa Machi 1955. Einstein akaiandikia familia yake barua ya rambirambi, akasema kwamba rafiki yake kwa mara nyengine amemtangulia kidogo katika kuuaga ulimwengu huu, na kwamba kwa watu wa fizikia kama wao, tofauti ya jana, leo na kesho ni dhana tu, ingawa ni dhana isiyotaka kuondoka. Einstein mwenyewe alifariki tarehe 18 Aprili mwaka huo huo. Watu hupenda kulinukuu lile la pili, la dhana. Mimi lile la kwanza ndilo linalonigusa, kwa sababu ni neno letu hasa: kutangulia. Sisi hatusemi marehemu amebaki nyuma. Tunasema ametangulia mbele ya haki. Kaka yako alikutangulia kuingia duniani, akakutangulia kutoka. Katika milango yote miwili yeye ndiye wa mbele, na wewe wa kufuata. Ulichompita ni hesabu ya siku za hapa katikati.

Naijua hoja utakayonirudishia, kwamba haya ni maneno ya vitabuni na kwamba wewe huona umri wako kwenye kioo kila unapopunguza ndevu. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema ipo huzuni ambayo sitaigusa. Ulikuwa na mtu aliyekuwa keshapita kila mahali ulipokuwa unakwenda. Ulipokuwa na miaka kumi ulijua miaka kumi na sita ina sura gani. Ulipokuwa na thelathini uliiona thelathini na sita imekaa barazani inakunywa kahawa. Sasa umefika pahala ambapo nyayo zake zimekatika, na kila siku unayoamka ni siku ambayo hakuna mtu wa tumbo lenu aliyekwisha kukufunulia. Nadhani hofu yako kubwa imo humu zaidi kuliko katika ile aibu ya kumpita. Mjerumani Martin Heidegger aliandika mwaka 1927 kwamba hapana mtu anayeweza kumpokea mwenziwe kifo chake, na kwamba binadamu anaishi wakati wote akiwa ameelekea mwisho ambao ni wake peke yake. Maneno yake ni mazito kuyasoma, na mambo mengi aliyoyafanya katika maisha yake siyapendi, lakini hili ni sahihi. Kwa miaka 35 kaka yako alikuwa amesimama baina yako na mwisho wako, kama mtu mrefu anavyokukinga na upepo wa kusi. Ameondoka, na upepo unakupiga usoni. Kuuhisi si ugonjwa.

Hata hivyo, kwa vile unasema usingizi hukatika na haurudi, nakuomba uende kituo cha afya cha karibu ukamweleze daktari hilo peke yake, bila ya falsafa yoyote. Mwili uliokosa usingizi kwa miezi saba hauwezi kufikiri sawa juu ya jambo lolote, seuze kifo.

Tuje kwenye miaka isiyokuwa yako. Unazungumza kama kwamba nyinyi wawili mlipewa fungu moja la miaka mgawane, kaka akala kidogo, na sasa wewe unakula sehemu yake. Tena unalitumia lile neno ajali, nami nataka ulitazame, kwa sababu limebeba zaidi ya tunavyolitumia barabarani. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na huko ajal ni muda uliowekwa, mwisho uliopangiwa kitu. Sisi tumelishusha likawa jina la tawi kukatika na gari kupinduka, lakini maana yake ya kale bado imo ndani yake, na wazee wakisema ajali haina kinga huisikia maana ile. Kila mtu ana ajali yake, kwa maana ya muda wake. Muda wake yeye haukuwa 80 ukakatwa nusu ukapewa wewe.

Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria na baadaye akawa askofu, alijiuliza tunawezaje kuupima wakati ilhali uliopita haupo tena, unaokuja haujafika, na uliopo hauna urefu wa kushikika. Akatoa mfano wa mtu anayesoma zaburi aliyoihifadhi. Kabla hajaanza, yote imo katika kuitarajia. Akianza, kila neno linatoka upande wa matarajio na kuingia upande wa kumbukumbu, mpaka yote iwe kumbukumbu. Akasema hali ya kisomo kile ndiyo hali ya maisha mazima ya mtu. Wewe umekaa kwenye khitma nyingi, ya kaka yako ikiwemo, kwa hivyo mfano huu unaujua kwa masikio yako. Sasa nataka uuvute hatua moja zaidi. Suratul Baqara ina aya 286. Suratul Asr, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anaapa kwa zama, ina aya tatu. Umewahi kumsikia mtu akimaliza aya ya tatu ya Wal Asr akasema sura hii imekatika, imebaki aya 283? Ni sura kamili. Ina mwanzo wake, kiini chake na mwisho wake, na anayeisoma haibii aya Baqara wala haiibiwi. Kaka yako alisoma aya zake. Alikulea, alikuoza, alizaa, aliitunza mikarafuu ya baba yenu. Miaka yako ya 42 na 43 na ile itakayofuata, ukijaaliwa, ni aya za sura yako wewe.

Nikufikishe na kwa Mkenya mmoja, John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, mchungaji na msomi wa dini za Kiafrika, ambaye mwaka 1969 alichukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za maelezo yake juu ya wakati. Alisema kwamba katika fikra za Waafrika wengi mtu aliyekufa haondoki mara moja kwenye Sasa. Maadamu wapo waliomjua wanaomtaja kwa jina lake, bado yumo. Anapokufa wa mwisho aliyemkumbuka ndipo anapozama katika Zamani. Juu ya yanayompata maiti baada ya kuzikwa, sisi tuna mafunzo yetu ya barzakh na sitayachanganya na haya. Pia Mbiti alidai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na fikra ya siku za mbali zijazo, na wenziwe walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana. Mimi naungana na wapinzani, kwa sababu mtu wa Pemba huatika mche wa mkarafuu akijua utachukua miaka sita, saba au minane kuanza kuzaa, na kwamba utazaa kwa miongo mingi akiwa yeye keshazikwa. Baba yenu aliwafikiria nyinyi kabla hamjaweza kupanda mti. Lakini juu ya jina Mbiti aliona jambo la kweli. Mama yako, aliyesema barazani kwamba marehemu angekuwa keshatimia 48, hakukosea hesabu wala hakuwa amechanganyikiwa. Kwake mwanawe bado anatimia. Upo umri wa cheti, uliosimama, na upo umri anaoendelea kuubeba mama, na hakuna sababu ya kuufuta mmoja kwa ajili ya mwengine.

Haya yote yananipeleka kwenye ile barua iliyomo shubakani, na hapa nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi.

Kaka yako hapotezi kitu kwa wewe kuchelewa. Hesabu yake imekamilika, na miezi mitano kwake si kitu. Binti yake ana miaka 20, na mwendo wake unaendelea. Miezi mitano ya kukaa bila ya jibu, washenga wanakuja na kurudi, majirani wanauliza kuna nini, imetoka katika sura yake yeye na hairudi. Umekuwa ukimstahi aliyetangulia kwa kutumia siku za aliye hai. Sidhani kama kaka aliyekwenda kukuposea wewe angeipenda heshima ya namna hii.

Mama akisema wewe sasa ndiye mkubwa, hazungumzii kutangulia, anazungumzia dhamana. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili, na wewe umeumia kwa sababu umesikia moja badala ya lingine. Dhamana inahama. Baba yake hayupo, babu hayupo, ndugu yake wa kiume hajabaleghe, kwa hivyo kwa ulivyonieleza walii, yaani msimamizi wa kumuozesha, ni wewe, ami yake. Muulize Kadhi wa huko kwenu akuthibitishie, kwani huenda pana jambo hukulitaja. Na zingatia kwa nini umekuwa walii wake. Ni kwa sababu wewe ni ndugu wa baba yake. Lau ungekuwa umempokonya kaka yako mahali pake, usingekuwa na haki hata ya kuifungua barua ile. Unakaa pale kama mdogo wake, na udogo wako ndio unaokupa kiti.

Ifungue mbele ya mama yako na mama wa binti, usiifungue peke yako usiku. Kisha muulizeni binti mwenyewe anasemaje, kwa sababu katika barua yako yote hukuniambia, nami naogopa kwamba katika miezi hii mitano hakuna aliyemuuliza. Mkikubali, siku ya ndoa usimwakilishe sheikh kuoza kwa niaba yako. Oza mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waliokaa ukumbini na barazani. Utamwambia bwana harusi kwamba umemuoza binti wa kaka yako, na utamtaja kaka yako kwa jina lake kamili mbele ya mashahidi wawili na majlisi nzima. Washenga wajibiwe kabla ya Ijumaa ijayo, hata kama jibu ni kuomba wiki mbili zaidi.

Limebaki la ndoto. Mimi si mfasiri wa ndoto na sitakuambia kwa nini haitikii. Ila kama ni suala la adabu, jibu unalo: aliyetangulia ndiye anayeamkiwa, awe na ndevu nyeusi au nyeupe. Akikujia tena, muamkie.